Jina Letu Magazetini

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko ugenini, na kile kifua chako kimepoa? Vaa sweta, hata wenzako wakikucheka. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa. Mama hasimami tena bila kushikwa, na daktari sasa ananiita pembeni, hasemi mbele yake.

Unajua alichoniomba: kabla hajafumba macho, ajue kaka yetu alipotelea wapi, yule ambaye wewe hukumkuta. Alimponyoka mkononi kwenye msukumano wa kituo cha treni, akiwa na miaka minne, mimi nikiwa mgongoni mwa Mama. Basi nikaenda kwenye ghala la magazeti ya zamani kulitafuta jina letu.

Mdogo wangu, wazee wetu walikosa jina jingine la kujipa? Ukirusha jiwe sokoni utampiga mtu wa jina letu, na watakaokuja kuamua ugomvi nao ni wa jina letu. Mtunza magazeti, ninayemwita Bwana Vumbi, alicheka, akasema hata mamake ni wa jina hilo. Nimekutana na wezi wetu, wachezaji mpira wetu, na bwana harusi wetu aliyetoroka siku ya harusi. Tanzia ndizo zilizonimaliza. Nimewalilia watu nisiowajua kwa kuwa tu wanaitwa kama Baba.

Jumanne nikampata. Tangazo dogo la makao ya watoto: mtoto wa kiume ameokotwa kituoni, akiulizwa ni wa nani anataja jina letu tu, ana kovu la moto shavu la kushoto. Ni lile kovu la birika ambalo Mama hajajisamehe mpaka leo. Baba, Mungu amrehemu, wakati huo alikuwa akizunguka hospitalini na mochari. Gazeti hatukuwa tukinunua. Nililia mpaka Bwana Vumbi akaniletea maji.

Laiti ningefunga jalada palepale. Nikaendelea kufunua, nikakuta picha ya miezi miwili baadaye. Familia yenye jina letu, ambayo si sisi, inawashukuru wote waliosaidia kumrudisha mtoto wao aliyepotea kituoni siku ileile. Mwanamke amemkumbatia kaka yetu, na kovu linaonekana wazi. Kaka yeye hacheki. Anatazama pembeni.

Baada ya hapo, giza. Nimeandika, nimepiga simu, nimegonga milango ya wenye jina letu hadi mmoja akanifungulia mbwa. Nimeshindwa, mdogo wangu. Awe hai, awe amekufa, analo jina letu lilelile, na halitusaidii kitu.

Njia nzima nilimtukana yule mwanamke. Mama gani asiyemjua mwanawe? Nilikusudia kunyamaza, lakini Mama huusoma uso wangu tangu nikiwa mchanga. Nikampa nakala ya picha. Aliitazama sana, kisha akaweka kidole juu ya yule mwanamke, si juu ya mtoto.

"Huyu alijua," alisema. "Na wa kwake, nani aliendelea kumtafuta?"

Sasa amenituma nirudi ghalani nikamtafute huyo wa pili, kwa jina lilelile, na huyu hata alama yake hatuijui. Anasema mtoto hawezi kuachwa na mama wawili. Nimekubali kwa mdomo. Miguu bado.

Shangazi anakusalimu, na fundi cherehani wa jirani anauliza ile suruali uliyoiacha aigawe au aitunze. Msalimie mkeo, wabusu watoto. Mungu akuepushe na kila baya. Ukipata nauli ya kuja, njoo upesi. Mama angali anasikia.

Wako akupendaye, ingawa amechoka,

Dada