Barua Zilizoanikwa Juani

Kihunguro, Ruiru
4 Februari 2024

Maitu mpendwa,

Habari ya Makongeni? Mgongo wa Baba umepoa? Sisi huku tuko salama, na tumeongezeka. Nilijifungua Jumapili iliyopita, msichana. Maggie wetu wa kwanza alishachukua jina la mama mkwe, mama ya Githae, kwa hivyo huyu wa pili ni wako. Anaitwa Waceke. Githae anasema hata kununa ananuna kama wewe.

Nakuandikia kwa sababu ukishika simu dakika mbili unaanza kukohoa mpaka unakata. Nimempa Ngendo wa ndizi hii barua, yeye kila wiki yuko huko sokoni Thika. Na wewe nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Mama, nakungoja. Majirani wananipikia na siwezi kulalamika, lakini nataka njahi zako, yale maharagwe meusi ya mzazi, na nataka wewe ndiye umuogeshe huyu mtoto. Kwa Maggie ulikaa hapa mwezi mzima na ukanigombeza kila siku. Kitanda nimeshakitandika.

Binti yako,
Nyawira

*

Makongeni, Thika
11 Februari 2024

Nyawira wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Githae, kwa Maggie, na kwa huyo mwenye jina langu. Baba yako anatembea vizuri. Nimesoma barua yako nikalia, kisha nikamsomea yeye, naye akajifanya ana vumbi machoni.

Siwezi kuja. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mjamzito. Ile TB niliyotibiwa nikapona kabla Maggie hajazaliwa, nyinyi mkijua ni homa ya mapafu, imerudi. Kifua kinatoa damu kidogo kidogo, na pale zahanati waliangalia ile picha ya zamani ya kifua wakasema hii ni yenyewe. Nimeanzishwa dawa tena.

Sasa nina kikombe changu, kile cha bati cha kijani, na sahani yangu. Baba yako anavichemsha kando. Hata hii barua nimeianika juani kutwa nzima kabla ya kumpa Ngendo, kwa hivyo usiogope kuishika karibu na mtoto.

Njahi nimekutumia. Nimechagua mbegu moja moja, nikiwa nimejifunga leso mdomoni. Zipike mpaka ziive kabisa, wewe huwa una haraka na moto.

Mama yako,
Waceke mkubwa

*

Kihunguro, Ruiru
7 Aprili 2024

Maitu,

Natumaini umeamka vyema na Baba pia. Waceke anaendelea vizuri, ananyonya, ameanza kucheka na ukuta.

Tangu tutoke kwenu Pasaka sijatulia. Mama, tulitoka Ruiru na mtoto umwone, ukaenda kuketi kule mwisho wa shamba, nyuma ya migomba, na leso usoni. Nikimwinua juu unapunga mkono. Nikisogea unasimama na kurudi nyuma. Maggie aliniuliza kama wewe shosho yake umekasirika.

Kliniki wenyewe walituambia mtu akishameza dawa wiki kadhaa haambukizi tena. Wewe umemeza miezi miwili. Je, walipima makohozi wakakuta nini? Hilo hujawahi kuniambia. Niambie ukweli, mimi si mtoto.

Binti yako,
Nyawira

*

Makongeni, Thika
22 Aprili 2024

Nyawira,

Hujambo mama? Sisi tuko. Mvua imenyesha vizuri, sukuma wiki imejaa mpaka tunagawia watu.

Usinikasirikie. Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Mama yangu alikuwa na TB, naye alikuwa akimbeba mgongoni mdogo wangu, Nyakio. Hakuna mtu alimwambia asimbebe. Nyakio hakufika kutambaa. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, na nilimwona mama yangu baadaye akiishi na ile leso ya kubebea, hakuifua na hakuitupa. Mimi sitaishi hivyo. Wacha huyo mtoto anikose, lakini awe mzima.

Makohozi wamepima mara nyingi. Kila mara wanasema ni safi. Nesi akasema wakati mwingine mashine haioni, niendelee tu na dawa. Nami naendelea. Zinanitia kichefuchefu na kifua ni kile kile, na nimekonda hadi pete inateleza. Nimeifunga uzi.

Nilimwona vizuri siku ile. Ana masikio ya baba yako, maskini.

Hii nayo nimeianika.

Mama yako

*

Kihunguro, Ruiru
16 Juni 2024

Maitu mpendwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu. Mtoto anaketi akishikiliwa. Nisome mpaka mwisho kabla ya kununa.

Nilimpeleka Waceke chanjo. Daktari Omondi akaniuliza kama kuna mtu anakohoa katika familia, nikamweleza habari yako yote, hadi nikalia mbele ya watu. Akaniuliza maswali. Makohozi ni safi kila mara? Dawa hazijasaidia? Anayelala naye kitanda kimoja ameugua? Nikamwambia Baba hajawahi kukohoa hata siku ya vumbi.

Akasema TB ikipona huacha tundu kwenye pafu, kama vile jino liking'olewa. Ndani ya tundu hilo kuvu inaweza kuota, ikajikunja ikawa kama mpira. Mtu anakohoa, anatoa damu, anakonda, na kila anayemwona anasema TB imerudi. Hajui kama ndicho ulicho nacho, na hakunidanganya kwamba anajua. Lakini alisema uende hospitali kubwa, upigwe picha nzuri ya kifua, na uombe wapime damu kutafuta kuvu. Kama ni kuvu, haiambukizi. Haimwingii mtoto hata ukimbusu.

Nenda, Mama. Nitakuja twende pamoja.

Nyawira wako

*

Makongeni, Thika
30 Juni 2024

Nyawira,

Tuko wazima kiasi chetu. Baba yako anasalimu.

Kuvu ni ya mkate na mahindi yaliyonyeshewa. Mimi si gunia. Mwambie huyo daktari wako apime watoto.

Nimeandika hayo jana nikiwa na hasira. Leo nakuandikia vizuri. Nyawira, mimi naogopa. TB naijua, ina dawa na ina mwisho. Wakiniambia si TB, watatafuta ni nini, na nani amekuambia watakuta kuvu? Jirani yetu Kalondu walimtafuta hivyo hivyo wakakuta saratani, na hakumaliza mwaka. Wacha nimalize hizi dawa. Zikiisha nitakuja kwako, nimekuahidi.

Usije kunichukua. Nitajifungia ndani, unanijua.

Mama yako

*

Makongeni, Thika
17 Septemba 2024

Nyawira wangu, kamama kangu,

Uko aje? Waceke anaendeleaje, na Maggie na shule? Najua nimenyamaza muda mrefu na barua zako zote sikujibu. Nilikuwa nimemaliza dawa za TB, na juma lililofuata nikatapika damu ikajaza kikombe. Baba yako hakuniuliza. Alinivika koti akanipeleka hospitali kubwa.

Huko nilimkuta daktari msichana, mdogo kuliko wewe. Nikamwambia, binti yangu alisema mtafute kuvu. Alinitazama, akaweka kalamu chini, akaanza kuniuliza upya kama mtu ambaye hajawahi kunisikia. Wakanisukuma ndani ya mashine kama mkate unaingia ovenini. Wakapima damu. Juzi akaniita mimi na baba yako, akatuonyesha picha. Tundu liko juu upande wa kulia, na ndani yake kuna kitu cha mviringo kimekaa kama yai kwenye kiota. Damu nayo imeonyesha ni kuvu. Hakuna TB. Alisema huenda mwaka huu wote haikuwepo.

Nikamuuliza swali moja tu. Nikamuuliza mara tatu mpaka baba yako akanivuta mkono. Haiambukizi, Nyawira. Hata kidogo. Ningembeba tangu siku ile ya kwanza. Ningemuogesha. Nilikuwa nyuma ya migomba na leso usoni, na hakukuwa na ugonjwa wowote wa kumkinga.

Sitaki kuhesabu niliyokosa, nikianza sitamaliza. Wamenipa vidonge vya kuvu, vya miezi mingi. Wamesema nikipata nguvu kwanza wataona kama inaweza kukatwa, na damu ikija nyingi tena tukimbie hospitali. Imekauka sasa. Nimekula ugali leo.

Jumamosi nakuja. Njahi nitabeba mwenyewe, wewe weka maji tu. Nitamwogesha, nitambeba, na mkitaka kumlaza mtaniomba.

Hii barua sijaianika. Nimeiandika, nimeibusu, nimempa Ngendo.

Shosho yake Waceke

*

Kihunguro, Ruiru
14 Desemba 2024

Maitu,

Sijui nikusalimu vipi. Sisi tuko, Baba yuko. Amekonda, lakini anakula akipikiwa.

Barua yako ya mwisho ilinifikia Alhamisi ile ya Septemba. Niliisoma kwa sauti nikiwa nimemweka Waceke mapajani, akaishika akaitia mdomoni, nami nikamwacha. Nilifua shuka za kitanda chako. Ijumaa asubuhi Baba akapiga simu. Damu ilikuja nyingi, ukatutoka mkiwa bado mnatafuta gari la hospitali. Begi lako lilikuwa mlangoni na njahi ndani yake, umeshazichagua.

Kwenye mazishi waliosoma wasifu wako hawakujua habari ya kuvu, wakasema uliugua TB kwa muda mrefu. Watu walikaa mbali na nyumba, wengine hawakugusa chakula. Nilipomleta Waceke karibu na sanduku, mama ya Githae alinishika mkono akaninong'oneza nisimsogeze mtoto. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia, kwamba mama yangu alikuwa na kuvu kwenye pafu, na haikuwahi kumwambukiza mtu. Kisha nikamwinamisha. Waceke aliweka kiganja juu ya kioo cha sanduku, hapo usoni pako, akakipigapiga. Hiyo ndiyo mara mliyokuwa karibu zaidi. Nilikuwa nataka kukukasirikia kwa ajili ya ile barua yako ya Juni na siwezi. Ninakukosa tu, Mama, kutwa nzima, hata nikiwa nacheka na watu.

Ngendo alipita leo. Kwa mazoea aliniuliza kama kuna barua ya Thika, halafu akajishika mdomo. Nikamwambia angoje, iko. Ataipeleka kwa Baba, naye aiweke atakapoona panafaa.

Baba alitaka kukitupa kile kikombe cha kijani. Nikakichukua. Waceke sasa anasimama akishika kiti, na asubuhi anakunywa uji nacho, hataki kingine. Sikukichemsha. Nimekiosha tu kwa sabuni, pamoja na vikombe vyetu.

Binti yako,
mama Waceke