Wimbo wa Mama Sudesh

Eldoret,
14 Oktoba 1984

Kwako mjukuu wangu Nilam,

Barua yako nimeipata. Baridi ni kali hapa, na mahindi ya mashamba ya kijiji cha Ziwa yamekauka kwa ukame. Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa Kigujarati hukujifunza kukisoma.

Wakati wa sikukuu ya Navaratri, zile siku tisa za nyimbo, jirani yetu Mpunjabi, Mama Sudesh, aliomba kuimba hekaluni. Mimi, mwalimu wa nyimbo, nilimkatalia mbele ya watu wote.

"Hapa tunaimba Kigujarati. Nyimbo za kwenu kaimbe kwenu."

Akacheka. "Haya, Mwalimu. Mungu akinifuata nyumbani, usije kumtafuta huku."

Wiki iliyofuata nyanya yako alipatwa na kiharusi. Hasemi. Kila jioni nilimwimbia nyimbo zetu bila kukosea hata neno moja, naye akatazama ukuta tu. Siku moja Mama Sudesh alikuja bila kuitwa. Aliwasha taa mbele ya picha ya mungu wetu Mama Amba, ambaye sisi na wao tunamwabudu, akaimba Kipunjabi. Nyanya yako akaanza kupigapiga blanketi kwa mkono wake usiopooza, akiufuata wimbo. Sasa jirani huja kila siku.

Daktari ameniambia niwaite watu wake upesi. Najua kwa nini huji nyumbani. Ulikuwa na miaka tisa nilipokukemea hekaluni kwa kukosea maneno ya wimbo.

Njoo, Nilam. Maneno ya Kipunjabi nami siyajui. Napiga makofi tu.

Babu yako,
Manharlal