Ni ya Odette, Unirudishie

Jumatatu, mwezi wa kumi. Joto la kungojea mvua. Mawingu yanapita juu ya Manika, mtaa wetu, kama watu waliosahau walikuwa wanaenda wapi, na vumbi jekundu la malori limeingia hata kwenye sukari.

Nina aibu. Najua kila ukurasa wa shajara hii unaanza hivyo, lakini leo aibu yangu ina sababu, na sababu hiyo imechapwa mara mia moja.

Ngoja nianze vizuri.

Papa ni fundi wa umeme wa malori. Rafiki yake, Tata Crispin, anaendesha lori kati ya hapa na Fungurume. Hizo ni kazi zao za kulisha watoto. Kazi yao ya moyoni ni muziki: Papa gitaa, Tata Crispin ngoma. Na tangu mwaka jana wameshikwa na ugonjwa mmoja. Wanataka kufufua Disques Kasuku.

Disques Kasuku ilikuwa nyumba ya kutoa santuri hapa Kolwezi, zamani, kabla Papa hajazaliwa. (Sisi hapa tunasema "disque". Neno "santuri" nililikuta kwenye kamusi ya shule na nikalipenda, basi nalitumia humu, ambamo hakuna wa kunicheka.) Babu yangu aliimba kwenye nyumba hiyo. Kisha ikafungwa, mashine zikauzwa, babu akafariki, na kilichobaki ni santuri moja tu ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda cha Papa. Katikati yake kuna karatasi ya duara, ya njano, na juu yake kasuku aliyevaa kofia ya mgodini.

Papa humtazama yule kasuku jinsi watu wengine wanavyotazama picha za harusi yao.

Basi wakarekodi upya nyimbo mbili za babu. Mama aliuliza kwa nini wasiziweke kwenye simu tu, kama watu wote. Papa alimwangalia kwa huruma.

"Mu telephone hakuna kasuku," akasema.

Kijana mmoja mchapaji wa Lubumbashi, jina lake Héritier, alikubali kuchora ile karatasi ya katikati na kuagiza santuri mia moja ng'ambo. Tata Crispin alipiga picha santuri ya babu, akamtumia, akaongeza ujumbe wa sauti: "Vilevile, unasikia? Hata nukta usibadirishe." Walitaka njano ileile, kasuku yuleyule, na hata kosa la tahajia lililokuwa kwenye jina la wimbo. Mimi nilipewa kazi ya kujibu maswali ya mchapaji, kwa sababu nimemaliza shule na nina diplome, na Papa haoni kitu bila miwani, na miwani haipendi.

"Weye njo uko na macho ya masomo," aliniambia, yaani mimi ndiye niliyesoma. Nilifurahi sana siku hiyo.

Sasa sikiliza. Zamani, mtu akiwa na harusi au matanga, santuri ziliazimwa kutoka nyumba hadi nyumba. Asubuhi yake zote zilikuwa zimechanganyika. Kwa hiyo kila mwenye santuri aliandika jina lake juu ya karatasi ya katikati. Na kwenye santuri ya babu, chini ya miguu ya kasuku, kuna maneno madogo ya kalamu ya bluu: *Ni ya Odette. Unirudishie.*

Niliyaona. Nakiri. Nilifikiri labda ni jina la wimbo.

Mchapaji naye aliyaona. Aliniandikia: "Ile maneno ya chini, tuache ao tutoe?"

Lilikuwa swali zuri, swali la mtu mwenye akili. Lakini Papa alikuwa nje anafanya mazoezi, na kumkatiza Papa katikati ya wimbo ni jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Nilisimama mlangoni. Nikajiambia wimbo ukiisha nitauliza. Ukaisha, wakaunganisha na mwingine bila hata kupumua. Nikarudi kukaa. Nikaandika: "Vilevile."

Na kapicha ka kidole gumba.

Santuri zilifika Jumamosi kwa basi, zimefungwa kwenye nailoni. Papa alikataza mtu yeyote kuzifungua kabla ya sherehe. Sherehe ilikuwa jana, baada ya misa, hapa kwetu uani, na viti na spika tuliazima parokiani. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mashine ya kupigia santuri. Hapo ndipo wanamuziki wetu wawili waligundua kwamba wametengeneza santuri mia moja katika mtaa wenye mashine moja tu inayofanya kazi. Ni ya mkunga mstaafu wa barabara ya pili.

Mama Odette.

Ndiyo. Nimemwamkia kila Jumapili tangu utotoni, na jina lake halikunigusa hata kidogo. Hayo ndiyo macho ya masomo.

Alikuja kwa pikipiki, mashine ameipakata kama mtoto mchanga. Hatukuwa na waya wa kuiunganisha na spika, basi Papa akanipa mikro, kile kipaza sauti cha parokia, niishike karibu na mashine. Nikarudi nyuma hatua moja. "Hautasema kitu," akanituliza. "Utashika tu."

Kisha akatoa hotuba. Alisema baba yake alimwachia urithi, na urithi huo ni ile disque, na leo kasuku ameamka. Watu wakapiga makofi. Akapasua nailoni, akatoa santuri ya kwanza kabisa, na kwa heshima akampa Mama Odette aiweke kwenye mashine.

Mama Odette aliisogeza karibu na macho. Akaiweka mbali. Akaisogeza tena.

"Simplice," akamwita Papa. "Soma hapa."

"Mama, sina miwani."

"Basi mi nitakusomea. *Ni ya Odette. Unirudishie.*"

Nilitamani ardhi ya Kolwezi, ambayo imechimbwa kila mahali, inifungukie shimo dogo tu.

"Njo mukono yangu hii!" akasema Mama Odette, akigusa ule mwandiko. "Nilimupatia baba yako disque hii siku ya ndoa yake. Aliimba ndani, lakini yeye mwenyewe hakuwa nayo hata moja, aligawia banamuke yote! Akaniambia: Odette, kesho asubui nakurudishia." Akawageukia watu. "Ile kesho haiyafika mpaka leo!"

Watu walicheka hadi viti vya parokia vikalia. Tata Crispin alikuwa anapasua nailoni moja baada ya nyingine, akitumaini. "Ni vilevile," alinong'ona kila mara. "Hii pia. Vilevile."

Mama Odette akafunga kifuniko cha mashine, akaegemeza kiwiko juu yake. "Zote mia moja ziko na jina yangu? Basi ni zangu. Mulete."

Papa alitoa jasho. Akachukua simu, akampigia Héritier, akaweka sauti kubwa ili kila mtu asikie anavyomkomesha.

"We mupumbavu! Nani alikutuma kuandika bile? Umeniharibia disque ya baba yangu! Banamuziki bote ba Lualaba nitabaambia, hautapata kazi tena!"

"Tata, niliuliza," ilisema sauti ndogo ya Héritier.

"Uliuliza nani?"

Hapo nilielewa kwamba nikinyamaza tena, huyu kijana atapoteza kazi kwa ajili ya kidole gumba changu.

Nilisema, "Mimi." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Mama akafikiri nakohoa, akaniletea maji. Nikasema mara ya tatu, kwa nguvu, na nilikuwa nimesahau kwamba bado nimeshika mikro, na mikro ilikuwa wazi.

"NI MIYE!"

Mbwa wa jirani walibweka. Nimeambiwa hata kwenye kituo cha mafuta walisikia.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, sikujua jinsi ya kuacha. "Aliniuliza miye, Papa. Niliona ile maneno. Niliogopa kukukatiza. Njo nikamwambia vilevile." Sauti yangu ilitoka nyuma yangu, kwenye spika, kubwa na imara, kama kuna mwanamke mwingine jasiri aliyekuja kuungama kwa niaba yangu.

"Aksanti, dada," ilisema simu, ikakatika.

Papa alifungua kinywa, lakini Mama Odette alimtangulia.

"Mumuache mutoto. Baba yako alidanganya. Weye haukusoma. Crispin haukuangalia. Huyu njo peke yake amenirudishia." Akanyoosha mkono. "Lete ile yangu ya zamani. Hizi mubakie nazo."

Papa aliingia ndani. Nilisikia sanduku la chuma likiburutwa. Alirudi na santuri ya babu, akaipangusa kwa shati lake jipya, akamkabidhi kwa mikono miwili. Lakini mikono haikuachia. Kwa muda, wote wawili waliishika, kama watu wanaopimana nguvu, kisha Papa akaachia.

Mama Odette aliiweka kwenye mashine palepale. Babu akaanza kuimba, na mikwaruzo mingi. Nilishika mikro hadi mkono ukafa ganzi na sikuushusha. Papa alisimama amewapa watu mgongo, anajifanya anapanga viti.

Santuri zilikwisha zote. Kila mtu alitaka yenye jina la Odette, kana kwamba kulikuwa na nyingine.

Leo asubuhi nilipita kwa Mama Odette kumwomba msamaha vizuri, bila spika. Nikamkuta na santuri tatu mpya mezani. Watu watatu wameshazirudisha, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Mmoja wao ametoka Musonoi kwa miguu.

"Na wewe unazipokea?" nilimuuliza.

"Mutoto, ziko na jina yangu," akasema, akanimiminia chai.

Sasa ni saa kumi jioni. Simu imelia. Papa hajapona, tayari anataka santuri ya pili, Tata Crispin ameshatuma picha mpya ya ile ya babu, aliyoipiga mezani kwa Mama Odette, na Héritier ameniandikia: "Kuko doa ya chai juu ya jicho ya kasuku. Tuache ao tutoe?"

Nje, Papa na Tata Crispin wamefika sehemu tamu ya wimbo. Papa amefumba macho. Na kidole changu gumba, naapa, kimeshaandika "vilev".

Hapana.

Nafuta. Naacha simu juu ya kitanda. Naenda kumkatiza Papa katikati ya wimbo, na safari hii sina mikro.