Kaka, Sitakuja Kutazama Kesi Zako

Kaka Yohana,

Barua yako ameniletea dereva wa lori la ngano. Unasema huko Nairobi sasa kuna televisheni, umenunua ya kwako, na zile kesi za kuigiza za Waingereza zinaonyeshwa humo. Unataka nipande basi nije, tukae kwenye kochi tutazame pamoja kama zamani. Sitakuja. Nakuandikia kwa hasira, nawe usome ukijua hivyo.

Zamani unayoitaja naikumbuka vizuri. Ulirudi kutoka Uingereza mwaka uliofuata Uhuru, na kila siku ya mnada ukawa unasimama kwenye mgahawa wa Mzee Salimu pale Karatu, blanketi la marehemu baba mabegani, ngozi ya kondoo kichwani ndiyo wigi la wakili, ukituigizia kesi ulizoziona kwenye televisheni ya yule mama uliyepanga nyumbani kwake London. Chai zilipoa mezani. Siku moja Mmasai aliyeshusha ng'ombe kutoka Ngorongoro alikushika mkono: "Sema upesi muuaji ni nani, wenzangu wanaondoka na ng'ombe!" Watu walicheka mpaka wakalia, na Mzee Salimu hakukudai hata chai moja.

Nami nilizipenda kesi zile, sitakataa. Kwetu Mbulumbulu ugomvi mdogo huweza kula misimu miwili ya mahindi, wazee wanakuja, wanaondoka, wanarudi tena. Kwenye kesi zako wakili aliuliza maswali matatu, mwongo akatokwa jasho, ukweli ukatoka kama jino bovu, kila mtu akaenda kwake. Nani asingetamani haki ya namna hiyo?

Kosa lako ni kwamba uliamini. Uliukuta ugomvi wa mpaka kati ya mama na jirani yake, Mama Paskali. Mvua ilikuwa imeng'oa mimea ya mpaka, na kila mmoja aliukumbuka mpaka kwa namna yake. Ulikuwa ugomvi unaokwisha, Yohana! Pombe ilishapikwa, wazee walishaitwa, wanawake wale wangekunywa kibuyu kimoja na kupanda mpaka upya kwa mikono yao. Ukacheka, ukasema, "Haki haipikwi kwenye chungu." Ukampeleka mama mahakamani akiwa hataki, na hakimu akakuruhusu umsemee kwa kuwa ni mtoto wake.

Ulivaa koti lako jeusi. Mama Paskali alisimama mbele yako na kaniki yake, Kiswahili chake cha kuokoteza, na akaanza kueleza kama watu wa kwetu wanavyoeleza, tangu mwanzo.

"Mwanangu, ngoja nianzie mvua ilipokuja..."

"Sikuuliza habari za mvua. Ulihamisha mpaka? Ndiyo au hapana?"

"Mwanangu, mwaka ule mume wangu alikuwa mgonjwa..."

"Mimi si mwanao hapa. Ndiyo au hapana?"

Mwanamke aliyekubeba mgongoni mama alipokuwa amelazwa! Alikutazama, machozi yakamtoka. Ukamgeukia hakimu ukanyoosha mkono, vilevile kama pale mgahawani: "Mheshimiwa, mwongo akibanwa hulia." Hakimu akatupa ushindi. Ukatoka nje unatabasamu, na wiki hiyohiyo ukapanda lori kwenda kutafuta kazi Nairobi.

Sisi tukabaki. Hilo ndilo ambalo televisheni yako haionyeshi. Kesi ikiisha, kioo kinazimwa, na aliyeitwa mwongo hakutani kisimani na aliyemshinda. Mama alikutana naye kila asubuhi. Mama Paskali aliweka ndoo chini, akasubiri mama aondoke, ndipo akachota. Hakuja tena kuomba moto, wala hatukuthubutu kwenda kwake. Shamba ulilotushindia limejaa magugu mpaka leo, maana mama hajalitia jembe hata siku moja. Nikimwambia nililime mimi, ananijibu, "Lile ni la Yohana."

Sasa mama anaumwa, na safari hii hanyanyuki. Hakuulizii wewe. Anamuulizia Mama Paskali. Juzi nilikwenda, nikasimama mlangoni kwake na ukungu ukiniloesha, nikamwomba aje amwone mwenzake. Hakunifukuza. Alikuwa anapepeta maharage, akaendelea kupepeta.

"Mwambie mama yako mimi ni mwongo," alisema. "Mahakama ilisema. Mwongo anakwenda kufanya nini kwa mgonjwa?"

Nilirudi nikamdanganya mama kwamba jirani yake yuko Mang'ola kwa bintiye. Tangu hapo hajamuulizia tena. Nadhani anajua.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka, na ya karibu uliivunja wewe. Nina chuki nawe, sitaifunika kwa salamu nzuri. Lakini hasira yangu haitamleta Mama Paskali hapa, na miguu yangu imeshashindwa. Imebaki yako. Uza hiyo televisheni au iache, si kitu kwangu. Panda basi. Koti jeusi liache huko. Ukifika usianzie kwetu, nenda mlangoni kwa Mama Paskali, ukae chini, umwache aanzie pale mvua ilipokuja. Aeleze mpaka mwisho, hata kama itachukua siku nzima, nawe usiulize swali hata moja.

Fanya upesi. Mama hana siku nyingi.

Dada yako,
niliyebaki na mama