Mukono Yenye Kuvaa Saa Yangu

Kampala, siku ya posho (jumamosi), mchana

Mama Neema, bibi yangu,

Nakusalimia kwanza, ata kama niko na kasirani. Uko aje? Mwili iko muzuri? Ile kifua yenye ilikuwa inakusumbua wakati ya mvua, ilishapona? Neema anasoma, kama masomo iko? Na mama yangu, magoti yake inamuachilia afike ku kanisa? Huku niko muzima, ninakula, ninalala. Kama ungeniona ungesema nimekonda, lakini si njaa. Ni wewe njo unanikondesha, na leo nitakuambia yote. Papa Kambale, ule mwenye biashara wa Butembo mwenye anachukuaka nguo huku, anarudi, na kisha Butembo anashika moto, ile pikipiki ya Pinga, mupaka kwetu Kashebere. Muntu wa kubeba barua haonekane kila siku. Na ku telefone unanijibuka maneno kidogo tu: "Tuko bazima. Usipige." Bibi gani anakatazaka bwana yake kupiga?

Unajua nilikuja huku kutafuta. Ninabeba mabalo ya nguo kwa Muganda moja mwenye duka, na nikimaliza ninaenda kujifunza ile biashara ya ku telefone yenye kila muntu anasifu. Kuko kijana wa Bukavu anatufundisha ndani ya sale, ile chumba kubwa ya kanisa. Kila mara anaanza na safari yake: alilala ku benchi, aliazima telefone, leo iko na gari. Hiyo gari inakua. Mwanzo ilikuwa ndogo, sasa iko na vioo nyeusi. Ushauri yake ni huu: batu habanunue kintu, bananunua muntu, basi weka sura yako, eleza ulikotoka. Mimi nikaweka sura yangu, nikashika viatu ya kuuzisha, nikacheka kama bwana arusi. Mwenye alipenda ile foto ni binamu yangu, na muntu ingine akauliza kama ninauzisha ule mulango yenye iko nyuma yangu.

Sasa juma iliyopita mwalimu akasema, leo sikilizeni muntu mwenye alifaulu kweli, mama moja wa Kongo, kule Walikale, katikati ya vita. Akasogeza telefone karibu na mikro. Nikasikia sauti yako.

Mama Neema, ile sauti mimi ninaijua ikiniita kula. Sasa ilikuwa inafundisha batu bazima, na kila muntu anaandika mu kaye. Ukasema unaitwa Furaha Mawese. Ukasema ulikuwa mwalimu, masomo ikafungwa ju ya vita, ukaanza peke yako, na telefone na bidon moja ya mawese, na kila asubui unapanda kilima kutafuta rezo ya telefone. Ukabashauri: kama mawese iko na maji, sema iko na maji. Kama njia imefungika pale Mubambiro, ambia mukiriya, ule mwenye kununua, imefungika, usimudanganye ya kesho. Na kila kintu ukiipiga foto ishike na mukono, ju foto bila mukono haioneshe ukubwa. Bamama ba ile sale balipiga mikono mupaka mbwa wa nje akaanza kubweka.

Peke yako. Nani alituma ile telefone? Nani alikula ugali bila mboga ili uipate? Nikasimama nikasema, ule ni bibi yangu. Sale muzima ikacheka. Mwalimu alipanguza macho, akaniuliza, "Kaka, kama bibi yako njo huyu, ju ya nini viatu yako haitoke?" Nikakaa chini.

Sitakuficha, niliona wivu. Kwanza wivu ya kazi, ju mimi njo nilivuka mupaka ili nikuwe muntu, na wewe ulibaki ku barabara ya Kashebere ukakuwa muntu. Kisha nikafika ku nyumba, nikafungua ukurasa yako, nikaangalia foto moja kwa moja. Ile foto yetu ya arusi iko wapi? Uliitoa. Jina ya Mama Neema iko wapi? Hakuna. Kwetu bote banakuita na jina ya mutoto wangu, lakini kule uko Furaha, kama musichana mwenye hayapata posa. Na banaume banakuandikia. "Dada Furaha, uko nguvu." "Dada Furaha, Mungu akubariki na mikono yako." Kuko moja wa Goma, wa lunette nyeusi ku macho, anawekaka moyo nyekundu ku kila foto. Nilitafuta kama alishanunua ata nusu litre. Hapana. Moyo haijazake bidon, umuambie.

Ile yote ningeimeza. Yenye ilinikwama ku shingo ni mukono.

Ku kila foto mukono njo inashika kintu. Mukono kubwa, ngozi imepasuka, kucha imekatwa mupaka chini, vidole ya muntu wa jembe na kamba. Inashika maharagi, inashika ndizi, inainua chupa ya mawese ku jua. Na ku ile mukono kuko saa yangu. Mukaba ya kahawia, kioo imepasuka pembeni. Niliitundika mimi mwenyewe ku musumari nyuma ya mulango siku ya kutoka, nikakuambia ibaki kuchunga nafasi yangu. Mikono yako ninaijua. Ni mikono ya mwalimu, laini, na unga ya chaki katikati ya vidole. Basi ni mwanaume gani anavaa saa yangu na kushika maharagi ya mama yangu? Nilifikiri motari, mwenye kubeba batu na pikipiki. Nilifikiri mwenye bunduki fulani mwenye unaogopa kumukatalia. Nilimufikiria ata ndugu yako mwenye pikipiki, kisha nikakumbuka yeye mikono yake ni fupi. Ninabeba balo ninaona ile mukono. Ninakula ninaiona.

Kesho, siku ya Mungu, utaongea tena na bamama ku telefone, uliitangaza. Mimi nilishatayarisha maneno ndani ya telefone, inabaki kuituma tu: "Mimi njo bwana ya huyu mama. Niko Kampala. Telefone ni mimi nilituma. Aseme mbele yenu ule mukono ni ya nani." Nitaituma wakati batu bote banasikiliza. Barua hii itafika nyuma, lakini nataka ujue mapema kama si wazimu, ni wewe njo ulinifikisha pale.

Nimesimama kuandika hapo, ju Papa Kambale aligonga mulango. Alikuwa amekuja kuchukua barua. Sasa nimerudi kuandika, na yeye iko hapa ku kiti ananingoja, na wewe utasamehe maandishi kama inapanda na kushuka.

Nilimupatia chai, nikamuwekea foto mbele ya macho. Nikasema, "Papa, wewe unafikaka kwangu. Usinihurumie. Huyu mwanaume ni nani?"

Akashika telefone, akaipeleka mbali, akairudisha karibu. Akaanza kucheka. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka.

"Mwanaume gani? Hii foto ni mimi niliipiga, pale ku barabara, nikingoja gari. Huyu ni Mama Neema."

"Hapana, Papa. Mikono ya bibi yangu ninaijua."

"Unajua ya zamani," akasema. "Kaka, ulifikiri ile mabidon inajibeba? Asubui iko ku shamba. Kisha anabeba mawese toka kwa benye kukamua mupaka ku barabara, anashona magunia, anapakiza. Siku masasi ya bunduki inalia, anabeba yote anaficha mu pori, na mama yako ku mugongo, na kesho yake anairudisha. Tangu masomo ifungwe ile mikono haikugusa tena chaki."

Nikauliza tu ju ya saa, na sauti kidogo.

"Ata mimi nilimuuliza," akasema. "Nilitaka kujua kama gari imechelewa. Nikasema, mama, ni saa ngapi? Akasema, hii haitembeake, ilishakufa. Nikasema, basi unavalia nini saa yenye ilikufa, tena siku ya foto tu? Akasema, mwenye kuijua ataiona."

Mama Neema, mwenye kuijua aliiona, na akatafuta mwanaume.

Bado nilikuwa na kiburi kidogo. Nikamuambia, na kusema iko peke yake, na kutoa foto ya arusi, hiyo pia ni ju ya saa? Papa Kambale akaweka kikombe chini. Akasema ku kila bariyeri ya barabara benye bunduki banapekua telefone: foto, majina, benye kupiga. Akanieleza ya ule jirani wetu mwenye kuuzisha chumvi, mwenye bwana yake iko Afrika ya Kusini na alikuwa anawekaka foto yake ku telefone, na koti na kofia. Balikuja kumuchukua, bakamuficha mu pori, bakapigia bwana atume feza. Alirudi, lakini mbuzi na shamba yote ilienda. "Tangu pale," akasema, "ku ile barabara kila mama ni mujane. Bibi yako alitoa foto yako ule mchana mwenyewe. Alilia, lakini alitoa."

Nikafungua ile maneno yenye nilitayarisha. Nikamuonesha. Aliisoma polepole, akasema, "Futa mbele yangu." Nikafuta. Hakunigombeza, aliomba chai ingine. Mimi nikawaza kesho, wewe juu ya kilima na telefone, na maneno yangu inaingia ju ya batu bote basome. Na sale yenye ilinicheka, sasa ninashukuru balicheka. Kama bangeniamini, jina yangu ingeshafika kwenu mbele ya barua.

Nilitaka kupasua hii karatasi nianze ingine ya upole. Papa Kambale anasema gari haingoje. Na tena, nataka usome ule wivu yote, ni yako, hakuna muntu ingine mwenye ninaweza kumupa. Usifikiri imeisha. Ule wa lunette nyeusi simusamehe. Na sasa niko na wivu ya saa. Yenyewe ilikufa, na inakaa ku mukono yako. Mimi muzima niko huku chini ya balo ya Muganda.

Niko na ombi moja. Ku foto yenye kufuata, geuza mukono, nione ndani. Chini ya kidole gumba kuko ile alama ya kisu, ya siku ulikuwa unakata majani ya sombe na mimi ninakuchekesha. Nataka kuiona, nijue nimefika kwangu. Usiandike kintu. Mimi nitakuja katikati ya bakiriya, na jina ya bure, nitauliza, "Mama, bei gani?" Unijibu bei, kama unavyojibuka bote. Nitafanya hivyo kila siku yenye Mungu atatoa. Ku bariyeri basome bachoke, bataona bei ya maharagi tu.

Salimia mama yangu, umuambie mutoto wake anakula, usimuambie ya balo. Kumbatia Neema, na kama masomo hakuna, mufundishe wewe, chaki iko mu ile kikapo chini ya kitanda. Salimia shemeki wangu wa pikipiki, nilimufikiria mubaya kwa muda kidogo, hana lazima kujua. Salimia mama mukwe wangu na bamama ba shirika yako ya kanisa benye banakuombea. Ule jirani wa chumvi, mushikie mukono.

Papa Kambale ataishona hii barua ndani ya balo, katikati ya makoti ya watoto. Ukisha kuisoma, itie ku moto ya sombe. Anasema nisiweke jina, na mimi nimekubali.

Ni mimi, mukiriya wako mwenye kuuliza bei.