Sahihi ya kadi ya joka

Shoga, nimeharibu! Ile kadi ya joka ya kaka, ya mchezo wao wa kadi za mazimwi, si alinituma nimpelekee mchoraji aliyeichora aitie sahihi?

Kwenye foleni ya sahihi nikanogewa na umbea. Kugeuka, mchoraji kashaondoka! Nikaisaini mwenyewe. Mimi, kwa mkono wangu huu!

Kaka kaipokea kwa mikono miwili. "Dada, huyu mzee ndiye aliyenifanya nishike penseli." Akalia, shoga. Kaka yangu mimi, akalia!

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, akanikumbatia.

Sasa kaipiga picha, kamtumia mchoraji mwenyewe kumshukuru. Nimejifungia chooni, namsikia sebuleni anapiga kelele: "Dada, njoo uone! Ameshasoma, anaandika jibu!"