Mama Yangu Mzima Anaombewa Dua Msikitini

Barua hii ilinifikia Oktoba 1996. Siku zilikuwa chache, kwa hivyo nilimjibu mwandishi kwa posta kabla ya gazeti. Leo naichapisha kwa ruhusa yake.

Shangazi Bitutu, pokea salamu za hapa Isebania, na ukishazipokea tafadhali kaa chini, kwa sababu nimejiingiza kwa shida ambayo nikianza kuieleza nacheka mwenyewe, lakini nikimaliza kucheka naogopa, na hakuna mtu hapa mjini ninayeweza kumwambia bila habari kufika sokoni kabla yangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Rukia wa miaka saba na Athumani wa miaka mitano. Nilizaliwa Kisegi kwa watu wa Sabato, nikaitwa Awino, nikaolewa hapa mpakani na Swaleh Mwikwabe, dereva wa lori, Mwislamu, na mimi nikasilimu kwa kupenda mwenyewe, nikachagua jina Maimuna, na sijajuta hata siku moja, hilo uliandike vizuri watu wasije wakasema dini ndiyo ilileta shida.

Shida ni shule. Tangu Rukia akinyonya, mume wangu amesema mtoto ataanza madrasa, akhitimu Kurani kwanza, ndipo afikirie mambo ya shule. Na sababu anayo. Alipokuwa mdogo alipelekwa shule moja ya misheni, mwalimu akasema Swaleh ni jina gumu, akamwita Tony, na kila asubuhi Tony akasimama mstarini kuimba nyimbo za kanisa, mpaka siku moja akakataa kuitikia hilo jina, akachapwa mbele ya wenzake, na baba yake akamtoa akiwa darasa la tatu. Akikumbuka habari hiyo hata chai inampoa mkononi. Ameapa mbele ya kaka yake kwamba mtoto wake akitangulizwa shule kabla ya Kurani, atamchukua ampeleke Tarime alelewe na huyo kaka.

Na mimi nina yangu, Shangazi. Nilitaka kuwa nesi. Niliachia darasa la saba kwa sababu nilikuwa na ndugu wanne wa kiume na zamu yangu haikufika. Sasa Rukia ni mtoto ambaye ukifunga sukari kwa gazeti, analisoma hilo gazeti kabla sukari haijamwagwa kwa kopo.

Basi Januari mume wangu alipowasha lori kwenda Kisumu, nikamvalisha Rukia yunifomu niliyoificha chini ya magunia, nikamshika Athumani mkono, nikawapeleka shule, mmoja darasa la kwanza, mwingine nasari. Mume wangu huondoka Jumatatu asubuhi akarudi Alhamisi jioni. Kwa hivyo Jumatatu mpaka Alhamisi wanaenda shule, Ijumaa nawaombea ruhusa kwa sababu ya swala, Jumamosi na Jumapili baba yao anawaona kwa macho yake wakienda madrasa, anafurahi.

Lakini Maalim wetu, Idi Monari, anafundisha asubuhi, mchana anashona nguo sokoni, na akaanza kuuliza mbona siku zingine haoni watoto. Mdomo wangu ukasema kabla kichwa hakijafikiria, nikamwambia mama yangu huko Kisegi ni mgonjwa na watoto wanaenda kukaa naye.

Maalim ana huruma sana, na hiyo huruma ndiyo imenimaliza. Kila Ijumaa anamtaja mama yangu kwa dua, msikiti mzima unaitikia amina, na mume wangu yuko hapo safu ya pili. Akaja akaniuliza, "Mama anaumwa nini na hukuniambia?" Nikasema ni miguu tu, sikutaka kukusumbua safarini. Tangu hapo ugonjwa umeendelea kukua, Shangazi, kwa sababu kila nikiulizwa naongeza kidogo. Sasa mume wangu ameamua kwamba baada ya wiki tatu, yeye na Maalim watasafiri mpaka Kisegi kumjulia hali mgonjwa, na blanketi amekwisha kununua.

Nilikimbia Kisegi kumwomba mama alale kitandani siku moja tu. Nilimkuta shambani anang'oa mihogo, jasho linamtiririka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Nyara, binti yangu, mimi nilale kitandani jua likiwaka kwa sababu ya uongo wako? Silali. Hao wageni waje, nitawapikia samaki." Halafu akaongeza, "Ama niletee watoto wakae hapa kabisa, watasoma vizuri, na Sabato wataenda na mimi." Sasa huyo naye ananivuta upande wa tatu.

Kama hayo hayatoshi, hedimasta, Mwalimu Omanga, ameniita. Rukia amekuwa nambari mbili kati ya watoto hamsini na wanane. Nilitaka kupiga vigelegele ofisini. Kisha akasema kuanzia Januari mtoto avue kitambaa cha kichwa, kwa sababu yunifomu ni yunifomu.

Na kinachoniuma kuliko yote ni Rukia. Kila asubuhi nikimfunga vifungo ananiuliza, "Mama, leo tunasema nini?"

Nichague shule ama madrasa? Nihamie kwa mama na watoto? Ama ninyamaze nione Mungu atafanya nini?

Mama Rukia, Isebania


Maimuna,

Nimecheka mpaka Liz wa meza ya pili hapa gazetini akaja kuangalia kama niko salama. Nilipofika hapo kwa Rukia na vifungo vyake, nikaacha.

Nikuanzie hapo hapo. Umempeleka mtoto shule ajifunze kusoma, na nyumbani unamfundisha somo lingine kila asubuhi, na hilo analishika haraka kuliko hesabu. Mtoto wa miaka saba anabeba siri ya mama yake kwa baba, kwa Maalim na kwa hedimasta. Mzigo huo utue wiki hii.

Umeniuliza uchague shule ama madrasa. Dada yangu, nani amekwambia lazima uchague? Darasa la kwanza wanatoka saa sita na nusu. Mchana wote uliobaki Rukia anafanya nini, anahesabu malori? Wewe hukuwahi kumuuliza Maalim kama anaweza kufundisha mchana na kushona asubuhi. Umekaa miezi tisa ukimtafutia mama yako magonjwa, na swali la dakika mbili hujaliuliza.

Mimi ni Mkristo wa Kisii, siwezi kujifanya najua mambo ya madrasa, kwa hivyo nilimpigia simu Bi Sauda, nesi wa Homa Bay, Mwislamu aliyesoma vyote viwili. Aliniambia, "Shule nilienda asubuhi, Kurani nikasoma mchana. Vitabu havikunichosha. Kilichonichosha ni kutembea." Akasema pia nikuambie kwamba anatumia vyote viwili kila siku anapoingia wodi. Sasa huyo ni nesi, Maimuna. Msikilize.

Mume wako usimchukulie kama mtu anayechukia masomo. Huyo ni mtoto aliyechapwa kwa sababu ya jina lake, na hakuna aliyemwomba msamaha mpaka leo. Ukimwambia tu kwamba shule ni nzuri, atasikia sauti ya yule mwalimu. Mwambie unajua anaogopa nini, na kwamba hata wewe hutaki Rukia aitwe jina lingine. Lakini usianze na hayo. Anza na uongo. Sema, "Nimekudanganya," kisha nyamaza, umwache akasirike. Ana haki ya kukasirika.

Mwambie Ijumaa mchana akishatoka msikitini na akishakula. Mtu mwenye njaa hasikii kitu. Siku hiyo hiyo nenda kwa Maalim, wewe mwenyewe kwa miguu yako, umtoe mama yako kwa orodha ya wagonjwa.

Habari ya kitambaa, usiende kubishana na hedimasta peke yako. Mwende wawili, na mume wako ndiye azungumze. Anayo mengi ya kusema ndani ya ofisi ya shule, na ameyangoja tangu darasa la tatu.

Kuhamia Kisegi, futa kabisa. Watoto wana baba anayewapenda, na ukikimbia nao utakuwa umemfanyia vile vile anavyotishia kukufanyia na Tarime. Mama yako nampenda bila kumwona, lakini naye mwambie wajukuu wataenda kumtembelea, kanisani hapana, labda wao wenyewe wakiwa wakubwa wachague.

Ijumaa hii, Maimuna. Ijayo umechelewa.

Shangazi Bitutu


Shangazi Bitutu,

Nilifanya. Nilipika pilau, nikangoja amalize sahani ya pili, nikasema, "Baba Rukia, nimekudanganya." Nikamweleza yote tangu yunifomu ya chini ya magunia. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwa hivyo mama si mgonjwa?" Nikasema si mgonjwa. "Hata miguu?" Nikasema hata miguu.

Akatoka nje akaanza kuosha lori. Aliliosha mpaka magurudumu, Shangazi, saa mbili nzima, na lori lenyewe lilikuwa limeoshwa asubuhi. Mimi ndani nilikuwa nimeshika meza.

Aliporudi akamwita Rukia alete kitabu cha shule. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama, baba yake anafuata kwa kidole, nyuma kidogo. Kisha akamwambia amsomee kwa moyo sura ya Wadhuha ya Kurani. Rukia akaanza vizuri, akafika katikati, akapotea, akarudia, akapotea tena, akaanza kulia. Hapo ndipo nililia na mimi, kwa sababu niliona nilichomnyima. Mume wangu akasema, "Umeona? Shule umempa, lakini hii umeichukua kwangu bila kuniuliza." Nikasema ni kweli. Sikujitetea. Akasema, "Na mimi ile shule nilikuwa nimekuchukulia bila kukuuliza." Akavaa kofia, akasema twende kwa Maalim.

Maalim ndiye alikasirika hasa. Alisimamisha cherehani akasema, "Maimuna! Miezi tisa namuombea mtu mzima!" Mume wangu akamjibu, "Si ndiyo maana ana afya, Maalim." Maalim akaanza kucheka mpaka akatoa miwani. Lakini alipomaliza aliniambia kwamba msikiti mzima uliitikia amina, na Ijumaa inayofuata atawaambia watu ukweli. Aliwaambia kweli. Wiki hiyo nilinunua mboga mbali na nyumbani.

Tulipomwomba abadilishe saa, akauliza wazazi wengine, ikawa kumi na mmoja walitaka hivyo hivyo na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kusema. Sasa anashona asubuhi, na saa nane mchana madrasa inajaa.

Kwa hedimasta tulienda wawili kama ulivyosema. Mume wangu alivaa shati lake la sikukuu ya Idi. Mwalimu Omanga akaanza habari ya yunifomu, mume wangu akamwacha amalize, kisha akamweleza habari ya Tony, pole pole, bila kutukana mtu. Hedimasta akaweka kalamu chini. Akasema, "Mzee, mimi sikujua ni kitu cha namna hiyo." Walikubaliana kitambaa kiwe cha rangi ya yunifomu, samawati, na Maalim ameshona vya watoto saba. Somo la dini ya Kikristo likifika, Rukia na wenzake wanafanya hesabu na mwalimu mwingine, na Rukia mwenyewe analalamika kwamba hesabu zimekuwa nyingi kuliko za wengine.

Kisegi tulikwenda, Maalim pia. Mama alipika samaki. Blanketi alilichukua, akasema hatalirudisha kwa sababu tu yeye ni mzima. Sasa baba yao ananiambia mimi mwenyewe niulize kama kuna masomo ya jioni ya watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa darasa la nane. Nimeuliza, yapo.

Lakini Shangazi, kuna jambo moja dogo. Jirani yangu Susana, mtu wa Katoliki, ana binti wa miaka sita anaitwa Scovia. Scovia hutoka shule na Rukia, na tangu shule zilipofunguliwa Januari hii amekuwa akimfuata mpaka madrasa, anakaa nyuma kwa sababu anapenda kuimba herufi pamoja na wenzake. Maalim anadhani Susana anajua. Susana anadhani Scovia yuko kwangu. Juzi Maalim amemsifu kwamba anasoma alifu mpaka ye vizuri kuliko Athumani wangu. Je, nimwambie Susana, ama ningoje kwanza mtoto achoke mwenyewe?

Mama Rukia


Maimuna,

Weka barua hii chini, vaa viatu, uende kwa Susana.

Shangazi Bitutu